Viti vya Mheshimiwa Abdiel

Mimi ndiye niliyekuwa naosha viti. Naanza hivyo ili usije ukadhani nasimulia habari za mbunge nilizosoma gazetini. Kwa Abdiel wa Kikwe nimefanya kazi miaka ishirini na miwili. Mwanzo nilikuwa naosha viti na kuziba maturubai yaliyochanika, kisha nikakabidhiwa ufunguo wa stoo, na alipoingia bungeni akanifanya katibu wa ofisi yake ya jimbo. Alisema hakuna mwingine anayejua nani ni mtoto wa nani kuanzia barabara kuu mpaka mwisho wa mashamba. Naitwa Magreth. Hasira zangu ziko karibu, kijiji kizima kinajua, kwa hiyo utaniwia radhi nikipandisha sauti mahali.

Abdiel alianza kama fundi wa maturubai ya malori kule mtaa wa Unga Limited, mjini. Kazi ya sindano nene na vidole vyenye sugu. Mwenye lori mmoja alimwachia turubai kuukuu lililooza upande mmoja, Abdiel akalipakia kwenye baiskeli mpaka kwao Kikwe, akakata paliposalimika, akashona kamba pembeni. Wiki ile kulikuwa na msiba jirani, na jua la Februari linachoma huku bondeni kuliko watu wa mlimani wanavyoamini. Akalitundika lile turubai juu ya waombolezaji. Tangu siku hiyo hakuna aliyekufa Kikwe bila watu kwenda kugonga kwa Abdiel.

Baadaye akanunua viti ishirini vya plastiki, halafu hamsini. Watu wa harusi wa Lemara waliviona, wakauliza bei, akawatajia. Basi biashara ikawa hiyo. Jumamosi za harusi zilimjengea nyumba, zikamnunulia pikapu, zikaongeza viti mpaka vikafika mia sita. Lakini msiba hakuwahi kulipisha. Alikuwa na hesabu yake: anayeoa ana mwaka mzima wa kujiandaa, anayefiwa ana siku mbili. Ukimwambia akubali japo hela ya mafuta ya gari, uso wake ulikuwa unabadilika kana kwamba umemtukania mama yake. Lilikuwa jambo la fahari kwake, nami nililiona zuri, tena nilijivuna nalo sokoni.

Nyuma ya kila kiti tuliandika kwa rangi nyekundu, ABDIEL KIKWE, visije vikapotelea kwa watu. Hatukuwa na nia nyingine. Ila fikiria mwenyewe: umekaa msibani kwa muda wa saa nne, mchungaji amechelewa, kwaya imeishiwa nyimbo, mbele yako kuna mgongo wa kiti. Utasoma nini? Watu wa jimbo letu walisoma jina hilo miaka kumi na miwili. Wazee wa chama walipoanza kutafuta mgombea asiye na makundi, kila waliyemuuliza alitaja jina moja. Yeye mwenyewe alidhani wanamtania. Alipanda jukwaani mara ya kwanza akaanza kwa kuuliza kama waliokaa nyuma wana viti vya kutosha, umati ukacheka, akashinda.

Bungeni miezi ya kwanza hakusema kitu. Nilikuwa nawasha televisheni ya ofisi namwona yuko safu ya nyuma, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika harusini mapema mno. Nilikasirika. Siku moja nikampigia simu Dodoma nikamwambia, "Mheshimiwa, huku watu wanauliza kama umefika salama." Akacheka, akasema anasikiliza kwanza.

Kisha ikaja siku ya meno. Kama hujui, maji ya visima vya huku kwetu chini ya Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto anayanywa miaka saba, meno yanatoka ya kahawia, na wengine miguu inapinda. Sisi tumezoea kucheka tumeziba mdomo kwa mkono. Siku hiyo naibu waziri alikuwa amejibu kwamba tatizo limepungua kwa kiasi kikubwa. Abdiel akaomba swali la nyongeza. Akasimama, akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba nimwonyeshe naibu waziri kiasi kilichobaki." Akafunua mdomo. Mtu mzima, amevaa suti, akabaki amefunua mdomo mbele ya kamera mpaka ukumbi mzima uliokuwa unacheka ukanyamaza. Kisha akauliza bomba la maji ya chemchemi litafika lini Kikwe, akaketi.

Nililia siku ile, sioni aibu kusema. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na sikuwahi kupiga picha nikiwa nimecheka.

Mradi ukapitishwa. Bomba likaanza kushuka kutoka kwenye chemchemi za juu, polepole, mkandarasi akiacha na kurudi, na Abdiel akimfuata kila alipotoka Dodoma. Lakini yeye mwenyewe hakuwa mtu wa ofisi. Akija jimboni, Jumamosi anakwenda msibani, na wanapomaliza kuzika anavua koti, anaanza kubebanisha viti, kimoja juu ya kingine. Mkuu wa wilaya mmoja aliwahi kukaa peke yake katikati ya uwanja mtupu kwa sababu kila kiti kilichomzunguka kilikuwa kimekwisha kubebwa na mbunge. Niliwahi kumshauri aache. Akasema, "Magreth, viti visipobebanishwa jioni, asubuhi vina umande na mavi ya kuku." Na aliyekuwa akiviosha ni mimi, kwa hiyo nilinyamaza.

Miaka mitano ikaisha, na bomba lilikuwa limefika katikati ya njia. Sasa hapa ndipo unapaswa kunielewa vizuri. Abdiel aliutaka muhula wa pili kuliko alivyoutaka wa kwanza, na hakuutaka kwa ajili ya suti. Wabunge wapya huja na vipaumbele vyao. Ephraimu, aliyekuwa anautaka ubunge huo kuliko wote, tayari alikuwa ametangaza kwamba yeye ataanza na barabara, na maji yatafuata. Kila mtu alijua maana ya "yatafuata". Abdiel akishindwa, mabomba yale yangebaki yamelala shambani mpaka watoto waliozaliwa mwaka ule waote meno ya kahawia.

Wote wawili wakachukua fomu za kugombea. Wiki ile ile Ephraimu akapeleka malalamiko kwenye chama, na picha kumi na nne: misiba, waombolezaji, na migongo ya viti yenye jina la mtia nia kwa rangi nyekundu. Kamati haikumwonea Abdiel. Ilimwandikia barua fupi, nami ndiye niliyemsomea, kwa sababu miwani yake alikuwa ameisahau kwenye gari. Ilisema hivi: mtia nia haruhusiwi kutoa zawadi, msaada wala huduma ya bure kwa wananchi mpaka kura za maoni za ndani ya chama zikamilike. Akikiuka, jina lake litaondolewa. Biashara halali kwa malipo ya kawaida haiguswi na katazo hili.

Nilimsomea mara mbili. Ile sentensi ya mwisho nilimsomea mara tatu.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "kwa wiki hizi sita, wa msiba walipe kidogo. Hata bei ya kuosha tu. Tunaandikiana karatasi, mambo yameisha."

"Sitoi bure," akasema. "Nimesikia. Lakini na hela ya msiba sipokei."

"Sasa watu wakifiwa?"

"Mungu atusaidie, wiki sita si nyingi."

Akaniambia nifunge stoo. Nikafunga.

Wiki ya nne, Jumatano asubuhi, Yiamat akaja ofisini na mwanawe Lemomo. Yiamat ni Mwarusha aliyetoka upande wa Nduruma akiwa kijana na ng'ombe wanane, akaoa kwetu, akabaki. Mzee wa kanisa, maneno machache, shuka juu ya koti kiangazi na masika. Nilipomwona hana fimbo mkononi nilijua kuna jambo. Mke wake, Mama Lemomo, aliyekuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, alikuwa amefariki usiku ule.

Abdiel akainuka, akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo, Baba Lemomo. Pole. Pole sana."

"Marahaba, Mheshimiwa. Tumeshapoa." Akaketi. "Tunazika Jumamosi. Lemomo atakuja na trekta Ijumaa kuchukua viti na turubai."

Abdiel akatazama sakafu. Kisha akamweleza yote, barua, kamati, picha, bomba lililosimama katikati. Alieleza kwa upole, tena kwa muda mrefu. Yiamat alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimeelewa," akasema. "Sheria ni sheria. Basi nikodishie. Unitoze kama wa harusi, barua yako haitakuwa na neno."

Nikasema moyoni, asante Mungu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua kitabu cha oda.

"Baba Lemomo," Abdiel akasema, "tangu nianze kazi hii sijapokea hela ya mfiwa hata mmoja. Siwezi kuanza na wewe. Wewe hasa. Ningekudharau."

Yiamat akamwangalia.

"Kwa hiyo hunipi, na hunikodishii."

"Wiki mbili tu zimebaki, mzee wangu."

"Mke wangu hawezi kungoja wiki mbili," Yiamat akasema. Hakusema kwa hasira. Akainuka, akaaga mmoja mmoja, mpaka na mimi, akatoka na mwanawe.

Alipotoka nilimgeukia Abdiel nikamwambia ana kichwa kigumu. Nikamwambia heshima gani hiyo ya kumnyima mtu viti. Akanijibu kwamba sielewi, kwamba jina halijengwi kwa siku moja, na kwamba Yiamat ni mtu mzima, atapata kwingine. Lakini ilikuwa Julai, msimu wa harusi. Lemomo alizunguka na trekta mpaka Usa River, kila mwenye viti alikuwa na harusi mbili. Hakupata hata kimoja.

Jumamosi hiyo kulikuwa na baridi na manyunyu, yale manyunyu ya Julai yasiyonyesha wala kuacha. Watu walifika kwa wingi, maana Mama Lemomo aliimba kwenye misiba yao wote. Walikaa juu ya mabenchi machache ya kanisa, makreti ya soda, ndoo zilizopinduliwa. Akina mama wengi walikata majani ya migomba kihambani, kwenye shamba la nyumbani, wakayatandika kwenye tope, wakakaa chini. Jeneza liliwekwa uani na Lemomo akalishikia mwavuli ibada nzima, mkono ukichoka anabadilisha, ila mwavuli haukulifunika lote. Mchungaji alifupisha mahubiri. Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa haraka kwa sababu karatasi ilikuwa inalowana.

Abdiel alikuja. Alisimama kwa muda wa saa tatu pembeni mwa migomba, akakataa benchi aliloletewa. Watu walimsalimu kama kawaida, Mheshimiwa, Mheshimiwa. Hakuna aliyemwambia neno baya, na hilo nadhani lilimuumiza zaidi. Tulipomaliza kuzika alivua koti kwa mazoea, akaangalia huku na huku. Hakukuwa na viti vya kubebanisha. Akalivaa tena.

Na mimi? Kutoka pale mpaka stoo ni mwendo wa dakika tano, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kitenge changu. Ningeweza kwenda kufungua, niwaambie watu wachukue, lawama niibebe mimi. Sikwenda. Nilijiambia natii agizo la mwajiri. Ukweli ni kwamba niliogopa kupoteza kazi ya ofisini, yenye kiti cha kuzunguka na salamu za heshima. Nimemlaumu Abdiel miaka mingi kuliko nilivyojilaumu mwenyewe, na sasa nikiandika naona si haki.

Kura za maoni alishinda kwa tofauti ya kura kumi na moja. Mwezi wa kumi akashinda uchaguzi wenyewe bila jasho. Alirudi Dodoma, akawekwa kwenye kamati nzito, akajifunza kusema bila kusoma karatasi. Na bomba lilifika. Mwaka wa pili wa muhula ule, bomba la kwanza la Kikwe lilifunguliwa shuleni, na walimu wakazima kengele ya vipindi siku nzima watoto wachezee maji. La tisa likafunguliwa kwenye njia inayopita kwa Yiamat. Nilikuwepo. Mzee alikinga kikombe, akanywa, akasema maji ni mazuri, akamshukuru Mheshimiwa mbele ya watu. Kila neno lilikuwa sawa. Abdiel alipomfuata pembeni waongee, Yiamat akaanza habari za ndama aliyezaliwa na miguu dhaifu, na habari za ndama zikaenda mpaka gari likaondoka. Ilikuwa hivyo kila mara. Alimkaribisha chai, akamuuliza hali ya Dodoma, akamsindikiza mpaka barabarani, na hakumpa hata mara moja nafasi ya kuomba msamaha.

Siku moja Abdiel alikuwa amekaa stooni anatazama viti vilivyopangwa mpaka darini. Akaniuliza, "Magreth, kwani siku hizi watu hawafi?"

"Wanakufa, Mheshimiwa," nikamwambia. "Wana kikundi."

Hakuwa na habari. Mwezi mmoja tu baada ya kumzika Mama Lemomo, Jackline, fundi cherehani wa pale njia panda, alikuwa amewaita majirani wakaanzisha kikundi cha kufa na kuzikana. Wakachanga, wakanunua viti mia mbili vya bluu na maturubai mawili. Mgongoni hawakuandika kitu. Harusi ziliendelea kuja kwetu, na pesa haikupungua. Ila misiba yote ilihamia kule, na mwenye stoo alikuwa hajui. Nilimwona akihesabu vidole, nadhani alikuwa anahesabu misiba aliyohudhuria akakaa kwenye kiti cha bluu bila kujiuliza kimetoka wapi.

Mwaka wa tatu mama yake akafariki. Bibi Elifuraha, miaka themanini na tisa, alilala mchana baada ya uji, hakuamka. Abdiel alifika kutoka Dodoma jioni, macho mekundu, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba viti vyote mia sita vitoke, na maturubai yote, mama azikwe kwa heshima. Nikaenda kufungua. Nikamkuta Jackline amesimama mlangoni na daftari la kikundi.

"Usitoe, dada Magreth," akasema. "Bibi ni mwanachama wetu. Ana miaka mitatu, hajakosa mchango hata mwezi mmoja. Viti vimeshafika."

Nikarudi na Jackline kwa Abdiel. Alipoambiwa, alikaa chini kwenye ngazi. "Mama yangu alijiunga?" akauliza. "Na hakuniambia?"

"Alisema utajisikia vibaya," Jackline akajibu.

Bibi akazikwa na kikundi. Vijana wa kikundi walichimba kaburi, akina mama walipika, viti vya bluu vikajaa uani, na wengine wakaleta vya kwao vya sebuleni kwa sababu watu walikuwa wengi, wakubwa wa serikali kutoka mkoani wakakaa kwenye stuli za jikoni za watu. Yiamat alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Abdiel hakuruhusiwa kugusa chochote, maana mfiwa kwetu anakaa. Alikaa. Alipotoa neno la shukrani alisema dakika moja tu, yeye anayeweza kulisemea jimbo saa nzima bila karatasi.

Wiki mbili baadaye akaniambia anataka kujiunga.

Nikamwonya. Kikundi kina utaratibu wake: mtu anaomba mbele ya wanachama wote, wanapiga kura ya mikono, na mkono mmoja ukikosekana hapokelewi. Hakuna kampeni na hakuna rufaa. Abdiel alikuwa amepigiwa kura na maelfu mara mbili, lakini hii aliiogopa. Alikuwa anaelewa kuliko mimi ni mkono gani utakosekana.

"Nisipoomba," akasema, "nitakapokufa atanizika nani?"

"Serikali itakuzika, Mheshimiwa."

"Ndicho hicho ninachosema," akajibu.

Wakakutana Jumapili baada ya ibada, darasa la nne la shule ya msingi, watu arobaini na mbili wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mimi nilikuwa mwanachama, nisikufiche, nilijiunga mwezi ule ule kilipoanzishwa, nami sikumwambia. Abdiel alisimama ubaoni. Alikuwa amevaa shati la kazi. Akasema jina lake, kijiji chake, na kwamba anaomba kupokelewa. Jackline akasema anayekubali anyooshe mkono.

Mikono ikainuka. Nilihesabu kwa macho. Arobaini na moja. Yiamat alikuwa amekaa dawati la mwisho, mikono yake miwili juu ya fimbo.

"Baba Lemomo," Jackline akasema, "una neno?"

Akainuka taratibu. "Ninalo," akasema. "Abdiel." Tangu Abdiel awe mbunge alikuwa hajamwita jina lake. "Siku ile nilikuja na njia. Niliomba unikodishie. Sheria ilikuruhusu, na mimi niliridhia. Ukakataa kwa ajili ya fahari yako, usije ukasemwa kwamba ulipokea hela ya msiba. Ukaniambia ni kwa heshima yangu. Heshima yangu ungeniuliza mimi. Mke wangu alilowa, Abdiel. Mtu aliyeimba kwenye misiba ya watu hawa wote, akalowa."

Mimi nilitazama mikono yangu.

"Ni kweli," Abdiel akasema. "Ni kweli yote."

"Desemba najengea kaburi lake. Kutakuwa na ibada na chakula. Nataka viti mia tatu na maturubai mawili. Sitaki vya kikundi, nataka vyako. Nalipa bei ya harusi. Utapokea?"

"Baba Lemomo, nakuomba, chukua vyote, chukua na pikapu, niache nikuletee tu..."

"Nimekuuliza kama utapokea."

Nimemwona mtu huyu akijibu mawaziri. Nimemwona akisimama na kinywa wazi mbele ya nchi nzima bila haya. Pale ubaoni alishindwa. Alishika meza ya mwalimu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na jambo moja alilokuwa na uhakika nalo juu yake mwenyewe, kwamba hakupokea, na Yiamat alikuwa anamwomba alitoe hilo hilo mbele ya watu arobaini na mbili.

"Nitapokea," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Bei ya harusi."

"Bei ya harusi."

Yiamat akahamisha fimbo kwenye mkono wa kushoto, akainua wa kulia.

Desemba Abdiel alikuja na pikapu alfajiri, akatundika maturubai kwa mikono yake, akapanga viti mia tatu kwa mistari, akavifuta umande kimoja kimoja. Kaburi lilikuwa limejengewa vizuri, la saruji na msalaba mweupe. Baada ya ibada, watu wakiwa bado wameketi, Yiamat akamwita mbele, akatoa bahasha kwenye koti, akamnyooshea. Abdiel aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofundisha watoto, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya wapiga kura wake wote. Hakuyafuta. Alikuwa bado amesimama hivyo, bahasha kifuani, wakati Yiamat alipomshika bega na kumwambia, "Sasa kaa na sisi, Abdiel. Ule."